Pesa ya farasi huamuliwa Jumamosi usiku

Jumapili saa tisa alasiri, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hakuna mtu mwenye akili timamu ya pesa. Simvunjii mtu heshima, naanza na mimi mwenyewe. Farasi wamepita mbele yako wakimeremeta jasho, mpanda farasi mwenye shati la njano amekuangalia kama anakujua, na mzee aliyesimama kando yako kwenye ukuta amekunong'oneza, "Kijana, namba tano leo ametumwa ashinde." Hapo mkono unaenda mfukoni wenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani, mezani, Jumamosi baada ya chakula cha jioni, kabla hujaona hata mkia wa farasi.

Jambo moja tulimalize mapema. Mbio hizi si njia ya kulipa kodi ya nyumba, na hakuna ujanja wa kupanga dau utakaozigeuza kuwa njia hiyo. Ninachoeleza ni namna ya kufurahia mchezo huu kwa bei uliyoichagua mwenyewe, na bei hiyo isipande bila wewe kujua. Aliye chini ya miaka 18 hahusiki. Muislamu anayeshika dini yake naye jambo hili limeshaamuliwa na dini, ila nina neno lake huko mwisho.

Hatua ya kwanza: toa yote kwanza, farasi baadaye

Chukua karatasi. Tuseme mshahara unaoingia mkononi ni shilingi 45,000 za Kenya kwa mwezi. Kodi ya nyumba 12,000. Karo unayoweka kando kila mwezi 6,000. Chakula 10,000. Nauli ya kwenda kazini 4,500. Chama 3,000. Za mama nyumbani 2,500. Stima na maji 1,500. Akiba 2,500. Jumla 42,000. Zimebaki 3,000, na hizo ndizo pesa za starehe zako zote: mpira, nyama choma, bando, farasi.

Kosa la watu wengi liko hapa. Wanasema "nimebaki na 3,000" na zote zinaenda kwa farasi, halafu Jumatano rafiki akiwaita kula wanakopa. Gawa. Mimi huwapa farasi nusu, yaani 1,500 kwa mwezi. Mbio haziendeshwi kila wikendi mwaka mzima, kwa hiyo nikienda mara mbili kwa mwezi, kila siku ya mbio ina 750. Nauli ya matatu namba 111 na chai ya pale uwanjani havimo humo, hivyo vinatoka kwenye ile nusu nyingine.

Hiyo 750 ni dari. Ukirudi nayo 500 mfukoni hukukosea kitu. Na mwezi ambao gari la mjomba limeharibika na familia imechanga, dari ni sifuri. Utaenda kutazama tu, au utalala.

Pesa hii isiwe ya mkopo wa aina yoyote. Si Fuliza, si mkopo wa programu ya simu, si "nitakurudishia Ijumaa". Mkopo una riba ya uhakika na farasi hana ushindi wa uhakika. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Hatua ya pili: jua unalipia nini

Watu husema wanabeti "dhidi ya farasi". Farasi hana habari nawe. Unanunua bidhaa kutoka kwa mchukua dau, na kama kila bidhaa, ina faida ya muuzaji ndani yake. Tuitafute.

Chukua mbio ya farasi watano wenye odi hizi (odi ni namba inayozidishwa na dau lako farasi akishinda): 2.50, 3.00, 5.00, 7.00 na 11.00. Sasa jifanye unataka kurudishiwa shilingi 1,000 kamili, ashinde yeyote. Kwa farasi wa 2.50 utaweka 400. Kwa wa 3.00 utaweka 333. Wa 5.00 anataka 200, wa 7.00 anataka 143, na wa 11.00 anataka 91. Jumlisha: 1,167. Umelipa 1,167 ili urudishiwe 1,000. Ile 167 ndiyo mshahara wa mchukua dau, na ameshaufungia ndani ya odi kabla lango halijafunguliwa.

Zoezi hilo lifanye Jumamosi kwa mbio yoyote unayoifikiria. Gawa 1 kwa kila odi, jumlisha majibu. Ukipata 1.10 hali si mbaya. Ukipata 1.30, tena kwenye mbio yenye farasi wachache, kunja karatasi, mbio hiyo si ya kununua.

Toti ni kitu kingine kidogo. Huko pesa za watu wote zinaingia chungu kimoja, mwenye uwanja anakata sehemu yake, na inayobaki wanagawana waliopatia. Utaratibu huo ulibuniwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860, na mpaka leo Ufaransa, Hong Kong na Marekani ndiyo njia kuu ya kubeti farasi. Mkato wenyewe si mdogo. Pale Churchill Downs, uwanja wa Marekani panapokimbiwa mbio ya Kentucky Derby, tangu 2014 wanakata asilimia 17.5 kwenye madau ya kawaida na 22 kwenye yale ya kupanga farasi kadhaa kwa mfuatano. Yaani kabla farasi hajapiga hatua, zaidi ya sehemu moja ya sita ya chungu imeshaondoka. Ongeza na kodi ya serikali, ambayo hapa Kenya viwango vyake vimebadilishwa mara kadhaa. Usitegemee alichokuambia mtu mwaka jana. Soma makato yaliyoandikwa kwenye akaunti yako mwenyewe.

Nimeandika haya marefu kwa sababu ndiyo yanayojibu swali la "kiasi gani nitapoteza". Ukizungusha 1,500 kwa mwezi kwenye soko linalokata kama sehemu moja ya sita, gharama yako ya wastani ni shilingi 200 na kitu. Kuna mwezi utatoka na faida, kuna mwezi utapoteza zote. Wastani ndio huo, na kwa alasiri mbili za farasi pale Ngong mimi naona ni bei ya haki. Ukizungusha 15,000, bei nayo inaruka mara kumi, ilhali farasi ni wale wale.

Hatua ya tatu: dau moja, saizi moja

Chagua dau lako la kawaida na uliandike. Kwa bajeti ya 1,500 kwa mwezi, mimi husema 50. Linaonekana dogo, na jirani yako kwenye ukuta atalicheka. Mwache acheke, wewe tazama hesabu.

Farasi anayeaminiwa na wengi hushinda takriban mara moja kati ya tatu. Hilo limeonekana nchi nyingi na kwa miaka mingi. Sasa, ukiwabeti hao tu, katika madau 200 tarajia mahali fulani kutokea mfululizo wa kama madau 10 ya kupoteza yakifuatana. Si laana, na wala hakuna aliyekuroga, ndivyo bahati inavyojipanga. Ukipenda farasi wa odi kubwa wanaoshinda asilimia 15 ya mara wanazokimbia, mfululizo huo unakuwa kama 21. Ishirini na moja! Kwa dau la 50 utakuwa umepoteza 1,050, na bajeti ya mwezi bado inapumua. Kwa dau la 200, dau la saba likianguka umebaki na mia moja tu.

Ndiyo maana sipendi ushauri wa "ukipoteza, ongeza mara mbili". Nimeusikia kutoka kwa watu wenye digrii. Anza na 50, ukipoteza weka 100, kisha 200, kisha 400. Hayo ni madau manne, jumla 750, bajeti ya siku nzima. Dau la tano linataka 800 ambazo huna. Na kama ungeshinda hilo la tano kwa odi ya 2.00, faida yako baada ya moyo kukudunda alasiri nzima ingekuwa shilingi 50.

Kuna wanaojua hesabu watakutajia kanuni ya Kelly. Ilitoka kwa John Kelly, mtafiti wa Bell Labs, mwaka 1956, na kwenye karatasi ni nzuri kweli: inakuambia uweke sehemu gani ya mtaji kulingana na tofauti kati ya odi na nafasi halisi ya farasi. Shida ni hilo neno "halisi". Farasi ana odi ya 5.00, wewe unaamini ana nafasi ya asilimia 25: kanuni inasema weka asilimia 6.25 ya mtaji. Lakini kama ukweli ni asilimia 20, kanuni hiyo hiyo inasema weka sifuri. Uamuzi wote umening'inia kwenye pointi tano, na sijakutana na mtu pale ukutani anayeweza kupima pointi tano kwa jicho. Mimi mwenyewe siwezi. Ukilazimika kuitumia, chukua robo ya jibu lake. Vinginevyo kaa na dau lako la kawaida.

Unaruhusiwa kulibadilisha dau, ila mara moja kwa mwezi, nyumbani, ukiwa umeshika daftari. Mtaji ukipungua, dau lipungue. Katikati ya mbio ya nne na ya tano si wakati wa kubadilisha sera.

Hatua ya nne: aina ya dau, na mitego yake

Dau la kushinda halina maelezo. Farasi wako awe wa kwanza, basi.

Dau la kushinda na nafasi kwa pamoja ndilo linalowachanganya wageni. Ni madau mawili kwenye tiketi moja: moja la farasi kushinda, jingine la kuingia nafasi za mbele. Ukisema "mia kushinda na nafasi", unalipa mia mbili. Kwa taratibu zilizozoeleka Uingereza, ambako desturi nyingi za mbio hizi zilitoka, farasi wakiwa watano hadi saba unalipwa kwa wa kwanza na wa pili, na sehemu ya nafasi hulipwa robo ya odi. Wakiwa wanane hadi kumi na mmoja, unalipwa mpaka wa tatu, kwa sehemu moja ya tano. Wakiwa wanne au pungufu, hakuna nafasi kabisa. Mchukua dau wako anaweza kuwa na taratibu zake, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

Tuiweke mezani. Mbio ina farasi saba, wako ana odi ya 9.00, yaani faida ya mara nane. Umeweka 50 kushinda na 50 nafasi, jumla 100. Amekuwa wa pili. Ile 50 ya kushinda imekwenda. Ile ya nafasi inalipwa robo ya nane, yaani mbili kwa moja: unapokea 150. Faida 50. Safi.

Sasa farasi mwingine, odi 3.00, faida ya mara mbili. Amekuwa wa pili pia. Robo ya mbili ni nusu, kwa hiyo 50 yako inarudi ikiwa 75. Ulilipa 100, umepokea 75, na unashangilia kwamba farasi wako "ameingia"! Nimewaona watu wakipongezana kwa hasara. Panapolipwa robo, dau hili lina maana kuanzia odi ya 5.00 kwenda juu. Panapolipwa sehemu ya tano, kuanzia 6.00. Chini ya hapo, chagua moja: ashinde, au acha.

Kutabiri wa kwanza hadi wa tatu kwa mpangilio ni tamu masikioni, kwa sababu malipo yake huimbwa. Lakini ukitaka kujilinda kwa kuwapanga farasi kila namna, tazama idadi inavyokua: farasi watatu ni mipangilio 6, wanne ni 24, watano ni 60. Kwa shilingi 20 kila mpangilio, hizo ni 120, 480 na 1,200. Mtu anaambiwa "ni ishirini tu" na anatoka dirishani bila nauli. Ukumbuke pia yale makato ya Churchill Downs: kwenye madau ya namna hii ndiko wanakokata zaidi.

Jackpoti ya kupatia washindi wa mbio zote mimi huihesabu kama bahati nasibu. Tiketi moja kwa mwezi, kwa raha zangu.

Hatua ya tano: chagua mbio za kuziacha

Siku ya mbio huwa na mbio kadhaa, tuseme saba. Hulazimiki kubeti zote saba, ingawa kelele za uwanja zitakuambia vinginevyo. Jumamosi hiyo hiyo, ukiwa na kadi ya mbio, weka alama tatu au nne, zaidi ya hapo hapana. Za kuacha zenyewe zinajionyesha: za farasi ambao hawajawahi kukimbia, za farasi wanne ambapo mmoja ana odi ya 1.30, na zile unazozitazama dakika kumi bila kuwa na maoni yoyote.

Kwenye mbio za hendikapu, farasi mwenye uwezo zaidi hubebeshwa uzito zaidi ili wote wakaribiane, kwa hiyo usikimbilie jina kubwa. Angalia amebeba kilo ngapi leo na alibeba ngapi aliposhinda. Angalia umbali pia. Aliyeshinda mita 1,200 si lazima aweze 2,400. Na kama mvua ya Nairobi imenyesha usiku kucha, majani mazito huwapindua hata wale waliokuwa hodari wiki iliyopita. Hayo yatosha, kwani kusoma farasi ni somo la siku nyingine na mimi si mwalimu wake mzuri.

Farasi akijitoa baada ya wewe kuweka dau, malipo ya waliobaki kwa kawaida hupunguzwa, maana ushindani umepungua. Hujadhulumiwa. Soma masharti tu.

Karibu na kila farasi uliyemchagua andika odi ya chini kabisa utakayoikubali. "Namba 3, si chini ya 4.00." Jumapili ukimkuta yuko 2.80 kwa sababu uwanja mzima umemsikia yule mzee, unamwacha. Hili ndilo gumu kuliko yote katika mwongozo huu. Akishinda bila pesa yako utaumia, na utaumia zaidi ya unavyoumia ukipoteza. Vumilia.

Hatua ya sita: Jumapili yenyewe

Nilijifunza hatua hii kwa gharama. Miaka kadhaa nyuma nilipatia mbio ya pili na kurudishiwa 1,900. Nilihisi kama nimepewa cheo. Mbio ya tatu nikaweka 500, "si pesa yangu hii, ni ya kushinda." Ya nne 700. Kufika ya sita nilikuwa nimerudi nilikoanza, na kabla ya mbio ya mwisho nikatoa 2,000 kwenye simu. Zilikuwa za mama. Nilikuwa nimemwahidi kuzituma jioni ile. Farasi wangu aliongoza mpaka mita mia za mwisho. Nilimtumia mama Alhamisi, na uongo juu yake.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na nauandika kama ulivyo. Bahasha moja ina 750, noti za 50 na 100, zimehesabiwa. Pesa za madau hutoka humo tu. Zinazorudi haziingii kwenye bahasha. Zinaingia mfuko wa nyuma wa suruali, wenye kifungo, na hazitoki mpaka nyumbani. Pesa za simu huzihamisha Jumamosi kwenye akaunti ambayo siwezi kuichezea nikiwa njiani. Nauli ya kurudi iko kwenye soksi. Cheka, lakini sijawahi kutembea kwa miguu kutoka pale hadi Dagoretti Corner.

Anayebeti kwa simu naye ana bahasha yake: aweke kwenye akaunti ile 750 mara moja, na kama kampuni ina sehemu ya kuweka kikomo cha siku au cha wiki, akiweke siku ile ile anapofungua akaunti, kichwa kikiwa kimetulia. Ushindi autoe siku hiyo hiyo. Pesa inayolala kwenye akaunti ya kubeti haijarudi bado.

Pombe, mbio tatu za kwanza, hapana. Na jihadhari na mbio ya mwisho. Pale ukutani tunaiita mbio ya kurudisha nauli, kwa sababu kila aliyepoteza anataka kumalizia hasara yake hapo kwa dau la mara nne. Mimi mbio ya mwisho naitazama nikiwa nimesimama karibu na geti.

Farasi wa kwenye skrini

Lazima niseme kuhusu wale farasi wa kompyuta kwenye maduka ya kubeti, Nairobi, Dar, Kampala, kila mahali. Wana majina, wana mashati ya rangi, kuna hata sauti ya mtangazaji. Hawana miguu. Matokeo yanatolewa na programu inayochagua namba, kwa hiyo hakuna uzito wa kusoma, hakuna majani mabichi, hakuna mpanda farasi aliyeamka vibaya. Kila kitu nilichoeleza kwenye hatua ya tano hakifanyi kazi pale.

Lakini hatari yao hasa ni mwendo. Mbio zikianza kila dakika nne, saa moja ina mbio 15. Kwa dau lako la 50, umezungusha 750 ndani ya saa moja, bajeti nzima ya Jumapili, ukiwa umekaa kwenye stuli ya plastiki. Uwanjani kuna nusu saa au zaidi kati ya mbio na mbio, na nusu saa hiyo inakusaidia kuliko kanuni yoyote: unatembea, unakula mahindi, unapoa. Bajeti ya farasi ukiamua isiguse skrini hizo hata shilingi moja, umeokoa zaidi ya utakachookoa kwa kila kitu kingine humu.

Hatua ya saba: daftari

Daftari la shilingi 40 linatosha. Mistari sita: tarehe, mbio, farasi, odi, dau, kilichorudi. Andika pale pale kabla mbio haijaanza, maana kumbukumbu ya mbeti hukumbuka ushindi na kusahau tiketi zilizochanika.

Jumapili moja yangu ilisomeka hivi. Mbio ya 2, odi 4.00, dau 50, kimerudi 0. Mbio ya 3, odi 9.00, kushinda na nafasi 100, wa pili, kimerudi 150. Mbio ya 5, odi 2.80, dau 50, kimerudi 140. Mbio ya 6, odi 6.00, dau 50, kimerudi 0. Nimetoa 250, nimepokea 290. Faida shilingi 40, haikutosha hata nauli ya kurudi mjini, na ilikuwa siku nzuri sana.

Usihukumu kwa siku moja. Baada ya madau 50 kaa chini, jumlisha, uone aina gani ya dau inakula pesa zako. Mimi daftari lilinionyesha kwamba karibu hasara yangu yote ilitoka kwenye madau ambayo hayakuwa na alama ya Jumamosi, yale ya "ametumwa". Niliyaacha, na yule mzee bado ananinong'oneza.

Ukiona daftari umeanza kulificha, au umeruka kurasa kwa sababu hutaki kujua jumla, au umekopa, au umemdanganya mtu wa nyumbani kuhusu pesa, hapo tatizo si saizi ya dau tena. Omba kampuni ikufungie akaunti, mwambie mtu mmoja unayemwamini, na simu ya pesa mpe mwenzio aishike kwa muda. Kupunguza dau hakutibu hilo.

Jumapili bila bahasha

Lile neno nililomwahidi msomaji Muislamu ni hili. Dubai World Cup, inayokimbiwa tangu 1996 na ni miongoni mwa mbio zenye zawadi kubwa kabisa duniani, kwa miaka mingi imekimbiwa bila dirisha la kubeti. Sheria za kule hazikuruhusu. Wanaokwenda uwanja wa Meydan hupewa fursa ya kutabiri washindi bila kulipa, kwa zawadi, na majukwaa hujaa. Ndugu zetu wengi wa pwani wanaofanya kazi kule wanaijua siku hiyo.

Nimeiiga. Mara moja kila miezi miwili naenda Ngong bila bahasha. Naandika chaguo zangu kwenye daftari kama kawaida, odi na yote, na kwenye safu ya dau naandika sifuri. Nasimama kule wanakotembezwa farasi kabla ya mbio badala ya kwenye foleni, na ndiko nilikomwona mara ya kwanza kijana wa zizini akimfunga farasi bandeji kwenye mguu wa mbele, polepole, akimsemesha Kiswahili kama mtoto: "Tulia basi, tulia, zamu yako inakuja."